Somo la 7: Ng'ambo kwa Siku Moja

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 4:35–41, Yakobo 4:13–15, Nehemia 2:1–9, Mwanzo 12:10–20, Marko 5:1–20, Marko 7:31–37, Matendo 16:6–40.

Fungu la Kukariri: Marko 5:19. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha ulieleze darasani kwa maneno yako mwenyewe.

Kutoka mjini Tanga hadi Horohoro ni mwendo wa kilometa zipatazo 65 kwa barabara ya lami. Hapo Tanzania inakoma, na mbele kidogo ni Lunga Lunga, nchini Kenya. Anayetega sikio hausikii mpaka huo. Pande zote mbili kuna Wadigo na Wasegeju, pande zote mbili Kiswahili ni cha nyumbani, na minazi haina uraia. Mstari wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Waliuanzia pale Mto Umba unapoingia baharini, wakaunyoosha kuelekea bara hadi Ziwa Jipe. Wenyeji hawakuulizwa.

Hata hivyo mstari huo una nguvu. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, Kenya nayo iliufunga kwa wasafiri, yakabaki kupita malori ya mizigo. Mara zote mbili, aliyekuwa amezoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni alijikuta hawezi.

Injili ya Marko inasimulia safari moja fupi ambayo Yesu na wanafunzi wake walivuka kwenda nchi ya kigeni. Hakuna lililokwenda kama mtu angelipanga. Walipigwa na dhoruba, wakapokewa na mtu mwenye pepo, wakaombwa waondoke, wakarudi walikotoka. Juma hili tutaitazama safari hiyo pamoja na safari nyingine za Biblia zilizovuka mipaka. Tutajiuliza swali moja: safari ya utume hupimwa kwa kipimo gani? Je, ni kwa ratiba iliyotimia, au kwa shahidi anayebaki wageni wakishaondoka?

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mwaliko wa Jioni

Soma Marko 4:35–41. Ni nani aliyependekeza safari hii? Aliwaeleza wanafunzi nini kuhusu mambo watakayokutana nayo?

Siku hiyo Yesu alikuwa amefundisha kutwa nzima akiwa ndani ya chombo. Jioni ilipofika aliwaambia wanafunzi wavuke kwenda upande wa pili wa ziwa. Marko anasema walimchukua vile vile alivyokuwa. Hakukuwa na nafasi ya kufunga mizigo wala ya kumwuliza Bwana ni nani wangewakuta huko. Walijua jambo moja tu, kwamba aliyesema wavuke alikuwa pamoja nao chomboni.

Kisha dhoruba ikaja. Wapo wanaofikiri kwamba njia ikiwa ya Mungu itakuwa laini, na kwamba kizuizi ni dalili ya kukosea. Yona alikutana na tufani kwa sababu alimkimbia Mungu, lakini wanafunzi hawa walikutana na yao kwa sababu walitii. Kwa hiyo dhoruba peke yake haimwambii msafiri kama yuko katika njia iliyo sahihi. Linalomwambia ni neno alilopewa kabla ya kuanza safari.

Soma Yakobo 4:13–15. Yakobo anakemea kitu gani hasa?

Yakobo hakatazi mipango. Anakemea kupanga kana kwamba kesho ni mali yetu. Watu wa pwani hawapangi jambo bila kusema "Mungu akipenda", lakini neno hilo linaweza kuzoeleka ulimi ukalisema na moyo usilisikie.

Kwa ajili ya kujifunza, chukua mfano wa kikundi cha uinjilisti cha watu kumi na watatu kutoka kanisa mahalia la Tanga. Mfano huu ni wa kufikirika, ila anayeijua njia ile ataitambua. Wamekodi haisi, na wanaondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri kwenda kuwatembelea waumini wachache wa ng'ambo. Ratiba imechapwa kwenye karatasi: saa nne kutembelea nyumba kwa nyumba, saa sita somo la afya, saa tisa mahubiri uwanjani, saa kumi na moja safari ya kurudi. Wana spika mbili, jenereta ndogo, projekta na maboksi mawili ya vijizuu. Mwisho wa karatasi wameandika "Mungu akipenda."

Kufikia saa nne wangali Horohoro.

Tafakari: Ni lini mara ya mwisho mipango yako ya kumtumikia Mungu ilivurugika? Ulimwomba airudishe ratiba yako, au ulimwuliza anataka ufanye nini katika siku iliyobaki?

JUMATATU
Barua za Ng'ambo ya Mto

Soma Nehemia 2:1–9. Nehemia aliunganishaje maombi na matayarisho?

Mfalme alipomwuliza Nehemia haja yake, kwanza alimwomba Mungu wa mbinguni. Halafu akaomba barua: barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe hadi Yuda, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti. Nehemia aliona mkono mwema wa Mungu katika barua hizo. Hakufikiri kwamba mtu wa maombi hahitaji karatasi.

Soma Mwanzo 12:10–20. Abramu alifanya nini alipokaribia kuingia Misri, na matokeo yake yalikuwa nini kwa ushuhuda wake?

Naye Abramu alikuwa mtu wa Mungu anayevuka mpaka. Lakini alipokaribia Misri hofu ilimshika, akamwagiza mkewe aseme maneno yatakayowapitisha salama. Walipita. Baadaye ukweli ukajulikana, na ni Farao, mfalme asiyemjua Mungu wa Abramu, aliyesimama kumfundisha nabii maana ya kusema kweli. Biblia haiandiki jibu lolote la Abramu. Alisindikizwa nje ya nchi pamoja na mali zake zote, na hatusomi kwamba alijenga madhabahu huko Misri.

Siku hizi maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja katika kituo kimoja, ili msafiri ahudumiwe mahali pamoja badala ya kupanga foleni mara mbili. Hilo hurahisisha safari ya mwenye hati kamili. Katika kikundi chetu, wawili wana pasipoti zilizokwisha muda wake, na vifaa vya matangazo vinahitaji hati za forodha za kuingizwa kwa muda. Hati hizo hakuna aliyekumbuka kuziomba. Ofisa anawaeleza hayo kwa upole, tena yuko sahihi.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kuja kwa sauti ya chini. Kijana mmoja wa bodaboda anajua njia ya panya inayopita mashambani. Kwa elfu kumi kila mmoja, wale wawili watafika Lunga Lunga kabla ya wenzao. Mwanakikundi mwingine anapendekeza waseme wanakwenda msibani, maana kwenye msiba hakuna anayemzuia mtu. Wa tatu anauliza kama ofisa hawezi "kusaidiwa" kidogo, kwa kuwa kazi ni ya Bwana na watu wanasubiri.

Fikiri jinsi hoja hizo zinavyovutia. Kila moja inaanza na kusudi jema. Lakini mtu atakayesimama saa tisa kuhubiri juu ya kweli, atakuwa amefika uwanjani kwa uongo wa saa nne. Na aliyemvusha kwa njia ya panya atakuwa amesikia hubiri lake la kwanza asubuhi ile ile, nalo litakuwa linasema kwamba amri za Mungu zina bei yake.

Mzee wa kanisa anayewaongoza anaamua. Vifaa na vijizuu vinabaki garini. Wale wawili wanabaki Horohoro. Kumi na mmoja wanajaza fomu, na penye sababu ya safari wanaandika sababu ya safari. Wanavuka saa saba mchana, mikono mitupu.

Tafakari: Je, kuna uongo mdogo ambao kanisa lako limeuzoea kwa sababu unarahisisha kazi ya Mungu? Ungemwelezaje mtu anayeamini kwamba Mungu hauhesabu?

JUMANNE
Waliomwomba Aondoke

Soma Marko 5:1–17. Ni nani aliyekuja kumlaki Yesu? Kwa nini wenyeji walitaka aondoke?

Baada ya dhoruba ile mtu angetegemea mkutano mkubwa. Badala yake alitokea mtu mmoja kutoka makaburini, asiye na nguo wala rafiki, ambaye minyororo ilikuwa imeshindwa kumzuia. Mathayo anataja wawili, lakini Marko na Luka wanamkazia macho mmoja. Ziwa lilivukwa usiku, kukiwa na hatari ya kifo, kwa ajili ya mtu ambaye mji wake ulikuwa umekata tamaa naye.

Aliponywa. Lakini nguruwe wapatao elfu mbili walizama, na wachungaji wakakimbia kupeleka habari mjini na mashambani. Watu walikuja, wakamwona yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wakaogopa. Kisha wakamsihi Yesu atoke katika mipaka yao. Neno la Kiyunani analotumia Marko hapo ni lile lile la mipaka atakalolitumia tena katika sura ya 7, Yesu aendapo pande za Tiro na arudipo kwa njia ya Dekapoli.

Yesu hakubishana nao wala hakuwalaani, na hakungoja amalize ratiba. Alipanda chomboni. Mwokozi aliyeinyamazisha bahari hakulazimisha ukaribisho wa kijiji kimoja. Tena hakuwachukulia watu wale kama maadui. Walikuwa watu walioogopa, na hasara yao ilikuwa ya kweli.

Wageni wengi husahau jambo hili. Anayevuka kwa siku moja hupanda chombo jioni; mwenyeji hubaki na majirani. Lolote analofanya mgeni, liwe jema au baya, mwenyeji ndiye atakayelijibu kesho yake kisimani na dukani.

Kikundi chetu kinafika saa nane. Wenyeji walisubiri tangu asubuhi, wengi wakaenda zao. Uwanja uliotegemewa una mechi ya mpira. Waliobaki ni fundi cherehani mmoja na mkewe, watoto wao, na bibi mmoja muumini aliyetoka mbali kwa miguu. Wageni wanakaribishwa barazani, wanapewa maji ya madafu. Kijana mmoja wa kikundi, akiona siku inapotea, anamwomba fundi watumie redio yake yenye spika. Asimame barazani ahubiri kwa sauti, majirani wasikie.

Majirani wa fundi karibu wote ni Waislamu, nao wameishi naye kwa amani miaka mingi. Fundi anajibu kwa unyenyekevu: "Ndugu zangu, ninyi mtaondoka jioni. Mimi hapa ndipo ninapoishi. Nimekuwa nikiwashonea watoto wao nguo za Idi. Tafadhali, tuombe tu, tuimbe kwa sauti ya kawaida, na mnifundishe mimi."

Basi wanaketi. Muuguzi wa kikundi anazungumza na mama mwenye nyumba juu ya shinikizo la damu na chumvi ya chakula. Hana mashine, na hagawi dawa kwa kuwa haruhusiwi katika nchi ile. Mzee wa kanisa anafungua Biblia pamoja na fundi, ambaye ana maswali aliyoyaandika katika daftari kwa muda mrefu bila kuwa na wa kumwuliza.

Tafakari: Je, fundi alionyesha hofu au hekima? Unatofautishaje mambo hayo mawili?

JUMATANO
Ombi Lililokataliwa

Soma Marko 5:10–20. Hesabu ni nani na nani waliomsihi Yesu katika mafungu haya. Ombi la nani lilikataliwa?

Pepo walimsihi asiwapeleke nje ya nchi ile, tena wakamsihi awaruhusu kuingia katika nguruwe; aliwaruhusu. Wenyeji walimsihi aondoke, akaondoka. Kisha mtu aliyeponywa akamsihi akae pamoja naye. Hili ndilo ombi pekee lililotoka katika upendo, na ndilo pekee ambalo Yesu alilikataa.

Si vigumu kuona kwa nini mtu yule alitaka kuondoka. Nyumbani walimjua kwa makovu ya minyororo. Nguruwe walikuwa wamezama kwa sababu yake. Kwa Yesu kulikuwa na usalama, kulikuwa na mafundisho kila siku. Lakini Yesu alimtuma kwa watu wa nyumbani kwake, akawaeleze mambo ambayo Bwana amemtendea na jinsi alivyomrehemu. Hakumpa mafunzo ya miezi mitatu. Alimwacha na habari yake mwenyewe. Aliyekuwa anaondolewa mipakani alikuwa ameacha mtu ndani ya mipaka.

Soma Marko 7:31–37. Yesu aliporudi Dekapoli, watu walimpokeaje? Unadhani ni nini kilichobadilika?

Safari hii watu wa pande hizo wanamletea kiziwi na kumsihi amwekee mkono. Katika sura ya 8 umati wa watu wapatao elfu nne unakaa naye siku tatu. Marko hasemi waziwazi kwamba ni kwa ajili ya ushuhuda wa mtu mmoja, ila ameshatuambia katika 5:20 kwamba mtu huyo alihubiri katika Dekapoli na watu wote wakastaajabu.

Kanisa la Waadventista katika Tanzania lina historia inayofanana na hii. Mwaka 1903 wamishonari Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika kutoka Ujerumani, wakaanza kazi Giti, katika milima ya Upare. Walijenga, wakafundisha, wakajifunza Chasu, lugha ya wenyeji. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Novemba 1914 kulikuwa na mapigano Tanga, na mwezi Januari 1915 huko Jasini, karibu na mpaka huu huu wa Umba. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliishika nchi ya kaskazini, na wamishonari wa Kijerumani hawakuweza kuendelea na kazi yao. Mpaka wa kivita uliwaondoa wageni. Kanisa halikuondoka pamoja nao, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuwa la watu wa Upare.

Rudi barazani kwa fundi. Saa kumi jioni jirani mmoja, mama wa makamo aliyejifunga kanga, anapiga hodi. Hakuja kusikiliza mahubiri. Amesikia kwamba wageni wanarudi Tanga. Mama yake mzazi yuko Duga, upande wa Tanzania, na ni miezi sasa hajaweza kwenda kumwona. "Wanangu, mtanipelekea salamu?" Ana kifurushi. Mzee wa kanisa, kwa heshima, anamwomba akifungue, kwa sababu huwezi kuvusha usichokijua. Ni doti ya kanga na paketi ya majani ya chai.

Hilo ndilo jambo pekee ambalo mtu wa nje ya kanisa aliwaomba siku nzima. Wanakubali. Jua limekwisha kuzama haisi inaposimama Duga. Bibi anapokea kifurushi, anaishika kanga, ananyamaza kwa kitambo, kisha anauliza wao ni kina nani. Wanamjibu kwamba wao ni wageni wa fundi, jirani wa binti yake.

Tangu siku hiyo, jirani ana sababu ya kukaa kwenye baraza la fundi. Fundi ndiye atakayezungumza naye. Yeye ndiye anayebaki.

Tafakari: Je, kuna mahali ambapo ungependa Mungu akuondoe, kumbe ndipo alipokutuma?

ALHAMISI
Asiyetazamiwa Kando ya Mto

Soma Matendo 16:6–15. Paulo na wenzake walizuiwa wapi? Katika njozi aliitwa na nani, na huko Filipi alikutana na nani?

Paulo alitaka kuhubiri Asia, Roho akamkataza. Akajaribu kwenda Bithinia, hakupewa ruhusa. Huko Troa aliona mwanamume wa Makedonia akimwita. Alipovuka bahari hatusomi kwamba alikutana na mwanamume huyo. Alikuta wanawake wamekusanyika kando ya mto, na wa kwanza kufunguliwa moyo alikuwa Lidia, mwuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Thiatira ni mji wa Asia, jimbo lile lile ambalo Paulo alikuwa amezuiwa kulihubiri. Mungu alikuwa amefunga mlango wa Asia, na ng'ambo ya bahari akamkutanisha na mtu wa Asia.

Soma Matendo 16:35–40. Ziara ya Filipi iliishaje?

Mahakimu waliwasihi Paulo na Sila watoke mjini, kama vile Wagerasi walivyomsihi Yesu. Angalia pia kwamba Paulo hakuona vibaya kutaja uraia wake. Sheria si adui wa utume. Kisha walipitia nyumbani kwa Lidia, wakawatia moyo ndugu, wakaenda zao. Nyuma yao walibaki mwanamke mfanyabiashara, mlinzi wa gereza na jamaa zao. Kutoka katika mwanzo huo likatokea kanisa ambalo baadaye lilimsaidia Paulo katika mahitaji yake (Wafilipi 4:15, 16).

Kikundi chetu kinarudi Tanga usiku. Kesho yake kiongozi ana fomu ya ripoti mbele yake. Fomu ina nafasi za tarakimu: nyumba zilizotembelewa, waliohudhuria, vijizuu vilivyogawiwa, waliofanya uamuzi. Michango ya washiriki ilitumika kwa safari hiyo, na Sabato ijayo ripoti itasomwa mbele yao. Ni rahisi kuandika kwamba nyumba kadhaa zilifikiwa. Uwanjani kulikuwa na watu zaidi ya mia. Nani atauliza kwamba walikuja kutazama mpira?

Jaribu la Horohoro limemfuata hadi mezani kwake. Aliyekataa kumdanganya ofisa wa uhamiaji sasa anaweza kulidanganya kanisa. Na uongo wa ripoti una madhara yake. Kikundi kitakachofuata kitapanga safari kwa kuzitegemea hesabu hizo, kitabeba spika kubwa zaidi, na fundi atasahauliwa.

Ripoti ya kweli ni fupi. Nyumba moja. Vijizuu, hakuna. Muumini mmoja aliyejibiwa maswali yake, anayehitaji Biblia ya kujifunzia na mtu wa kumpigia simu kila juma. Kifurushi kimoja kilichofikishwa Duga. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akisubiri hati za mzigo wake Horohoro, ambaye wale wawili waliobaki waliomba pamoja naye, na ameomba aendelee kuombewa. Mwisho wake ni pendekezo: safari ijayo wawasiliane mapema na viongozi wa kanisa wa upande wa pili, waandae hati, na wamwulize fundi anahitaji nini kabla ya kuamua watakachompelekea.

Tafakari: Ni kitu gani chenye thamani katika huduma yako ambacho hakina nafasi kwenye fomu ya ripoti? Kanisa lako linaweza kukitambua kwa njia gani?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma maelezo ya Ellen G. White juu ya dhoruba na safari ya ng'ambo ya ziwa katika kitabu cha Tumaini la Vizazi Vyote. Angalia jinsi anavyowatazama watu walioponywa kama wamishonari wa kwanza ambao Kristo aliwatuma kuhubiri katika Dekapoli, ijapokuwa walikuwa wamekaa naye kwa muda mfupi tu.

Mipaka ya Afrika Mashariki leo inavukika kwa urahisi kuliko zamani. Lakini miaka ya 1977 na 2020 inakumbusha kwamba mlango ulio wazi asubuhi waweza kufungwa jioni, na hakuna kikundi chochote chenye uhakika wa safari ya pili. Kwa hiyo busara ya utume ni kumtia nguvu mtu wa upande wa pili, ili siku mgeni asipoweza kufika, ushuhuda usikome. Yesu alikaa kidogo sana katika nchi ya Wagerasi. Alipoondoka, kazi ilikuwa imepata mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Baadhi ya washiriki watasema safari ya kikundi cha Tanga ilipoteza fedha za kanisa. Wengine watasema ilifanikiwa. Kila upande utoe sababu zake kutoka katika Biblia. Je, kuna makosa ya maandalizi ambayo hatupaswi kuyaita mapenzi ya Mungu?

2. Yesu alimruhusu mtu wa Gerasi aseme mara moja, bila mafunzo. Lakini fundi alikuwa na daftari lililojaa maswali. Kanisa lina wajibu gani kwa shahidi anayebaki peke yake?

3. Tunawezaje kushuhudia kwa uaminifu miongoni mwa majirani wa imani nyingine bila kumwachia mwenyeji mzigo ambao wageni hawataubeba?

4. Ungekuwa miongoni mwa wale wawili waliobaki kwenye benchi Horohoro, siku hiyo ungeipokeaje? Ungeomba nini?

5. Katika eneo la kanisa lako, ni nani "anayebaki", ambaye wageni humpita wakielekea uwanjani? Darasa liandike jina lake, limwombee, na lichague atakayemtembelea kabla ya Sabato ijayo.